Gari ya 4WD ya mkononi kwa safari za familia: ichague bila kula mtaji wa duka



Mwezi uliopita niliweka picha ya hema letu, watoto wanakunywa chai nje asubuhi, nyuma yao gari inaonekana. Nilitegemea watu waulize bei ya blanketi alilojifunika mwanangu, maana mashuka na mablanketi ndiyo biashara yangu. Kumbe maswali yote yakawa ya gari. "Umenunua shilingi ngapi?" "Hiyo inapanda mlima?" "Dada, nimepata RAV4 kwa dalali, nichukue?"

Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, nikaona bora niandike somo zima. Najua hapa tunaongea biashara. Lakini tuseme ukweli, wengi wetu tukishapata faida kidogo, kitu cha kwanza tunachowaza ni gari. Na hapo ndipo maduka mengi yanapofia. Mtu anatoa hela ya mzigo ananunua gari, gari inakaa kwa fundi, duka linabaki na rafu tupu.

Mimi si fundi. Nimeishia kidato cha nne. Mambo ya magari nimeyajua kwa kuuliza mafundi maswali mengi na kwa kupoteza hela yangu mwenyewe. Nianze na hiyo hela niliyopoteza.

KOSA LANGU LA KWANZA

Kabla ya gari tuliyonayo sasa, nilipelekewa RAV4 moja nzuri sana. Nyeupe, iko juu, rimu zinang'aa, tairi la akiba limening'inia mlango wa nyuma. Dalali akaniambia, "Dada yangu, hii ni 4WD, angalia mwenyewe ilivyosimama. Kuna mtu anakuja nayo hela jioni." Nikatoa kishika uchumba laki tano. Hiyo laki tano niliitoa kwenye hela ya mzigo wa Idi.

Kesho yake baba Nasra akaleta fundi. Fundi akaingia uvunguni, hakumaliza hata dakika mbili, akatoka anapangusa mikono. "Hii inavutwa na tairi za mbele tu. Huku nyuma hamna difu wala propela." Tukaangalia namba ya chasisi, imeanza na ACA36. Baadaye ndiyo nikajua kwamba RAV4 ya umbo lile yenye 4WD inaanza na ACA31. Herufi na namba zile zilikuwa wazi pale tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa naangalia rimu.

Kudai hela yangu ilichukua wiki tatu, nikarudishiwa laki mbili. Laki tatu ikapotea. Kwa bei yangu ya wakati ule hizo ni shuka 12 za sita kwa sita. Na Idi ile nilikosa mzigo wa kutosha, wateja wakaenda kwa wengine.

Dalali alinidanganya, sawa. Lakini na mimi nilinunua kama wale wateja wetu wanaolipia kwa kuona picha tu, hawaulizi kitambaa wala saizi, halafu mzigo ukifika wanalia. Kwa hiyo haya yafuatayo ndiyo maswali ambayo ningetakiwa kuyauliza.

1. ANZA NA BARABARA, SIYO JINA LA GARI

Chukua daftari. Andika safari zote ambazo familia yako kweli itakwenda ndani ya mwaka. Siyo za ndotoni, za kweli. Sisi tupo Morogoro, yetu yalikuwa hivi:

- Mikumi, kupiga kambi mara moja au mbili kwa mwaka. Kufika ni lami, ndani ya hifadhi ni vumbi.
- Mgeta kwa bibi yake baba Nasra, kila likizo. Tunaweka hema shambani. Barabara ni ya mlima, mawe, kona kali, na mvua ikinyesha ni utelezi.
- Saadani, tunatamani tukapaone. Kule kuna udongo mweusi ambao ukilowa unashika tairi kama ugali.

Sasa weka alama kwenye barabara mbaya kuliko zote ambayo utaipita mara kwa mara. Hiyo ndiyo inachagua gari. Mimi magari nimeyagawa mafungu matatu:

Fungu la kwanza: lami na vumbi kavu. Hapa huhitaji 4WD kabisa. Gari ya kawaida iliyo juu kidogo inatosha, na itakula mafuta kidogo. Usione aibu, hela iliyobaki ongeza mzigo dukani.

Fungu la pili: matope ya kiasi, mchanga, utelezi. Hapa zinaingia RAV4 yenye 4WD, Nissan X-Trail yenye 4WD, Subaru Forester. Kwenye X-Trail na RAV4 ya 2005 na kuendelea, tairi za mbele zikiteleza, mfumo wenyewe unapeleka nguvu nyuma. Forester yenyewe inasukuma tairi zote nne muda wote. Ni gari nzuri za familia. Ila RAV4 na X-Trail hazina gia ile nzito ya mlima, na Forester nyingi za otomatiki nazo hazina.

Fungu la tatu: milima mikali, mawe, mzigo mzito. Hapa unataka gari yenye gia nzito, ile inayoandikwa 4L. Ukiiweka, gari inakwenda polepole sana lakini ina nguvu nyingi, na ukiwa unashuka injini yenyewe inaizuia gari, breki hazichemki. Humu kuna Suzuki Escudo ile ya kuanzia 2005 (nje inaitwa Grand Vitara), Toyota Prado na Suzuki Jimny. Jimny ni ngumu sana lakini ina viti vinne na nyuma hamna nafasi. Ukiwa na watoto wawili na hema, mtabebana.

Sisi Mgeta ilituweka fungu la tatu. Prado hela haikufika. Ikabaki Escudo.

2. GARI YA FAMILIA ISIJIITE GARI YA BIASHARA

Hapa nawaomba msome taratibu, maana hapa ndipo tunapojidanganya.

Na mimi nilijiambia, "Hii gari itanisaidia kuleta mzigo Kariakoo, kwa hiyo duka lichangie." Halafu nikapiga hesabu. Morogoro mpaka Kariakoo kwenda na kurudi ni kama kilometa 390. Gari inayokwenda kilometa 9 kwa lita inakunywa lita 43 hivi. Inayokwenda kilometa 6 kwa lita inakunywa lita 65. Lita moja ikiwa shilingi 3,000, hiyo ya kwanza ni shilingi 129,000 kwa safari moja, na hujaweka maegesho wala muda wa kuzunguka kwenye foleni. Mimi nikienda kwa treni ya SGR na robota zangu mbili zikapandishwa basi kurudi, haifiki nusu ya hapo.

Kwa hiyo jibu likawa wazi. Gari yetu ni ya familia. Ni matumizi, kama ada na kodi ya nyumba. Hela yake ilitakiwa itoke kwenye faida tuliyojilipa na mshahara wa baba Nasra. Duka halikudaiwa hata shilingi. Ilituchukua miezi kumi na minne kuikusanya, na watoto waliuliza kila wiki tutaenda lini kulala kwenye hema. Tulisubiri.

Kama wewe unaishi mbali na basi, au unauza vitu vizito unavyosambaza mwenyewe, hesabu yako inaweza kutoka tofauti. Ila ipige kwa kalamu, usiipige kwa hamu.

Na hela ukishaipata, usiimalize yote kwenye kununua. Sisi tulikuwa na milioni 16. Tukaweka sheria: gari isizidi milioni 12 na laki nane. Yaani katika kila shilingi kumi, mbili zinabaki pembeni. Hizo mbili ni za tairi, oili, bushi, shokapu, bima, kubadilisha jina. Gari ya mkononi lazima itadai kitu ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Kama hukuitengea, itakwenda kuchukua kwenye droo ya duka.

3. SOMA NAMBA YA CHASISI KABLA YA KUPANDA BODA KWENDA KUIONA

Muuzaji akikutumia picha kumi za gari, mwombe ya kumi na moja: kibati cha chasisi, au kadi ya gari ukurasa wenye namba ya chasisi. Herufi na namba za mwanzo zinakuambia mengi. Hizi ni zile gari zilizotoka Japani:

- RAV4 ya 2005 na kuendelea: ACA31 ni 4WD, ACA36 ni ya tairi mbili.
- RAV4 ya kabla yake: ACA21 ni 4WD milango mitano, ACA20 ni 4WD milango mitatu, ZCA26 ni ya tairi mbili.
- Harrier ya 2003 na kuendelea: ACU35 ni 4WD, ACU30 ni ya tairi mbili.
- X-Trail: NT30 na NT31 ni 4WD. Ikiwa T30 au T31 bila N mbele, ni ya tairi mbili.
- Escudo ya injini ya lita 2.0 ya kuanzia 2005: TD54W.

Halafu ukifika, usiamini picha tu. Inama uangalie uvunguni. Kwa hizi gari, yenye 4WD utaona bomba refu la chuma linatoka katikati kwenda nyuma, hilo ndilo propela, na kati ya tairi za nyuma kuna difu, donge kubwa la chuma. Ya tairi mbili inayovutwa mbele haina. Hata kama hujui kitu kingine chochote cha gari, hilo utaliona.

4. NENDA ASUBUHI, INJINI IKIWA BARIDI

Mwambie muuzaji mapema: "Naomba usiiwashe mpaka nifike." Ukifika shika boneti. Ikiwa ya moto, jua ameshaipasha, na gari iliyopashwa inaficha mengi. Rudi siku nyingine.

Ikiwa baridi, fanya haya kwa mpangilio:

Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta povu la rangi ya maziwa au chai ya maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili. Hiyo ni kazi kubwa.

Fungua rejeta (ikiwa baridi tu, ya moto itakuunguza uso). Maji yawe ya rangi ya kulant, kijani au pinki. Yakiwa ya kutu, mtu alikuwa anajaza maji ya bomba.

Washa, mwenzako akae nyuma aangalie moshi. Wa bluu inakula oili. Mweusi inakula mafuta vibaya. Mweupe kidogo asubuhi ni kawaida, lakini ukiendelea hata injini ikishapata moto, na una harufu ya utamu, inawezekana gasketi ya silinda hedi imekwisha.

Halafu uliza swali hili: "Themostati ipo?" Huku kwetu gari ikichemsha, mafundi wengi wanaitoa themostati ili muda upite. Gari inaonekana nzima, lakini ugonjwa wenyewe upo palepale. Siku mnapanda mlima na familia na mzigo, inachemka. Ukiendesha dakika ishirini na mshale wa moto bado uko chini kabisa, shtuka.

Kuhusu Prado za dizeli za zamani zenye injini ya 1KZ, hilo la kuchemsha liangalie mara mbili. Silinda hedi zake zinajulikana kwa kupasuka zikishachemka. Na Forester za injini ya EJ, uliza taimingi belti ilibadilishwa lini, inatakiwa kubadilishwa kila kilometa laki moja hivi. Escudo ya lita 2.0 inatumia cheni, haina belti ya kubadilisha, ila sikiliza asubuhi ikiwashwa. Ikipiga kelele za mnyororo, kaa chonjo.

5. MAFURIKO NA KUTU

Gari nyingi zimewahi kuzama kwenye mafuriko, Dar es Salaam na kwingineko. Zinasafishwa, zinapakwa manukato, zinauzwa. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wote. Ukikuta mstari wa matope au ukungu kule chini, gari ilishawahi kunywa maji. Inua zulia la chini ya miguu, nusa. Ingiza mkono chini ya kiti, angalia kutu kwenye vyuma vya kiti.

Uvunguni gonga fremu kwa spana ndogo. Mlio mkavu wa chuma ni mzuri. Mlio mzito wa kufa, au vipande vinadondoka, kutu imekula. Ukikuta uvungu umepakwa rangi nyeusi mpya kabisa wakati gari ina miaka kumi na tano, uliza inafunika nini.

Na mwombe fundi afungue nati ya kujazia oili ya difu, aichovye kidole. Ikiwa kama maziwa, gari ilipita mtoni maji yakaingia.

6. IJARIBU NA FAMILIA YAKO NDANI

Gari tupu yenye dereva mmoja inapanda vizuri popote. Wewe hutasafiri tupu. Sisi tulipiga hesabu ya uzito wetu:

Baba Nasra kilo 78, mimi 66, mdogo wangu 54, watoto 19 na 13. Jumla 230.
Maji ndoo tatu, kilo 60. Hema, mikeka na mablanketi 30. Mtungi mdogo wa gesi na jiko 14. Chakula na vyombo 25. Nguo 15. Jeki, spana, koleo na kamba 12. Jumla 156.
Yote pamoja kilo 386.

Kwenye kadi ya gari kuna uzito wa gari tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa kimoja kwa kingine, linganisha na wako. Sisi tulijikuta tumezidi, tukaacha ndoo mbili, maji tunanunua tukishafika. Na vitu vizito viweke chini ndani, siyo kwenye keria ya juu. Gari ndefu yenye mzigo juu inapinduka kirahisi kwenye kona.

Siku ya majaribio nilikwenda na watoto, mdogo wangu na robota mbili za mashuka kwenye buti. Muuzaji alishangaa. Lakini ndipo nilipoona nyuma imekaa chini kupita kiasi, shokapu na bushi zimechoka. Nikapunguziwa bei.

Jaribu na 4WD yenyewe. Kwenye Escudo simamisha gari, weka gia N, zungusha kile kitufe mpaka 4L. Taa ya dashibodi iwake na kutulia. Ikibaki inapepesa, kuna tatizo. Halafu endesha polepole kwenye vumbi au majani, siyo kwenye lami kavu, maana ukikata kona kwenye lami mfumo ukiwa umefungwa unajibana na kujiumiza.

Tairi zote nne ziwe saizi moja na zimelika sawasawa. Kwa gari ambazo tairi zote zinasukuma muda wote, kuchanganya tairi mpya na kipara kunaumiza difu. Tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi za DOT ubavuni. Ikiandikwa 2319 ina maana tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likizidi miaka kumi usipakie watoto, hata kama kashata bado zipo. Angalia na la akiba.

Mikanda ya viti vyote vifungeni, siyo ya mbele tu. Watoto wanakaa nyuma.

Halafu fundi umlipe wewe. Fundi aliyeletwa na dalali ni fundi wa dalali. Mimi nililipa elfu hamsini. Mwanzo alikuwa anaongea na mume wangu tu, mimi ananijibu mkato. Nilipomuuliza kuhusu themostati akageuka.

7. KARATASI NA MADENI

- Taka kadi halisi, siyo kopi. Kadi ikiwa "ipo kwa ndugu", inawezekana ipo benki kama dhamana ya mkopo.
- Jina kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia.
- Namba ya chasisi na ya injini zifanane na kadi.
- Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi uangalie faini, na deni la maegesho. Madeni hayo yanaifuata gari, kwa hiyo ukinunua yanakuwa yako.
- Mkataba uandikwe kwa wakili, hela ipite benki, na jina libadilishwe TRA mapema. Usiendeshe gari ya jina la mtu mwingine mwaka mzima.
- Kishika uchumba usitoe kabla ya ukaguzi. "Kuna mtu anakuja jioni" siku zote yupo, na mara nyingi haji.

JINSI TULIVYOIPATA

Tuliangalia gari tano. Tuliyonunua ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu. Tulipofika alitoa karatasi aliyoandika kwa mkono: shokapu za nyuma zimechoka, kioo cha dereva kinashuka polepole, mlango wa kushoto ulishawahi kunyooshwa, kilometa ni hizi, oili nilibadilisha tarehe fulani. Fundi alikagua saa nzima, akakuta yaleyale ya kwenye karatasi. Alitaka milioni 13, akatupunguzia laki tano kwa ajili ya shokapu na bushi.

Ndani ya mwezi tulitumia milioni 2 na laki moja: tairi nne, shokapu, bushi, oili zote mpaka za difu, bima na jina. Zilitoka kwenye ile hela ya pembeni. Duka halikujua kama tumenunua gari.

Likizo ya kwanza tulikwenda Mgeta. Siku ya kurudi mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi barabara inateleza kama sabuni. Kwenye mteremko mmoja baba Nasra akasimama, akaweka 4L, gia ya chini kabisa, akatoa mguu kwenye breki. Gari ikashuka yenyewe taratibu kama inatembea kwa miguu. Nilikuwa nimeshika mlango kwa mikono miwili. Nyuma watoto walikuwa wamelala. Nikaikumbuka ile RAV4 yenye rimu za kung'aa. Kama kishika uchumba kingegeuka kuwa malipo yote, tungekuwa tunashuka pale na watoto kwenye gari ambayo si ile tuliyoambiwa.

SOMO KWETU WAUZAJI

Yule mzee aliniuzia kwa sababu ya ile karatasi. Angenificha shokapu, fundi angeziona, na mimi ningeanza kujiuliza nini kingine kimefichwa, ningeondoka.

Niliporudi dukani nilianza kufanya hivyohivyo. Shuka ikiwa rangi yake inachuja kidogo siku ya kwanza, naandika chini ya picha. Blanketi likiwa jepesi naandika ni la joto, siyo la Mgeta. Wateja wachache wanaacha, ni kweli. Lakini mizigo ya kurudishwa imepungua, na wanaonunua wanarudi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi ya gari, andika barabara zako, hesabu uzito wako, tenga mbili kwenye kila kumi, na acha hela ya mzigo ikae dukani. Ukipata namba ya chasisi huelewi, iandike hapa chini, tutaisoma pamoja. Na mtumie mwenzako mwenye dalali anayempigia simu leo.